Dhoruba Inayosomwa kwa Saa ya Mkononi

Msomaji wa Mombasa ameona utabiri wa bahari ukisema "mita 1.5, sekunde 16". Anauliza: mita nimeelewa, sekunde ni za nini?

Ni kipindi, yaani muda kati ya kilele cha wimbi na kilele kinachofuata. Gawanya 1 kwa kipindi upate marudio: wimbi la sekunde 20 lina marudio ya hezi 0.05. (Watu wa redio husema masafa, lakini hapa kuna umbali pia, tutachanganyikiwa.) Shuleni somo huishia hapo, wakati utamu ndio kwanza unaanza.

Dhoruba huzaa mawimbi ya vipindi mbalimbali kwa mkupuo mmoja. Kwenye kina kirefu, yenye kipindi kirefu hutangulia: kundi la sekunde 20 huenda kilomita 56 kwa saa, la sekunde 10 nusu yake. Ni basi na lori vilivyotoka Dar es Salaam pamoja, basi kwa mwendo wa 80, lori 40. Muuza machungwa wa Chalinze ataliona lori saa moja na ushei baada ya basi. Mwenzake wa Singida atalingoja karibu saa tisa. Hana haja ya kumuuliza dereva katoka wapi, pengo limeshasema.

Basi ukisimama ufukweni, marudio yanapanda kwa kiasi kilekile kila siku. Kipindi hakina adabu hiyo, kichore, kinapinda. Marudio hutoa mstari ulionyooka: ukiwa mkali, dhoruba iko karibu, ukilala, iko mbali. Urudishe nyuma hadi sifuri, utagota kwenye saa dhoruba ilipozaliwa!

Tuseme uko Shelisheli. Jana umehesabu sekunde 20, leo wakati uleule 15. Marudio yametoka 0.05 hadi 0.067. Kwa mwendo huo, kutoka sifuri hadi 0.05 ni siku tatu, na kundi la sekunde 20 limesafiri muda wote huo. Hapo dhoruba ilikuwa umbali wa kilomita 4,000 hivi, siku tatu kabla ya jana: kusini kwenye latitudo ya nyuzi 40, ambako upepo haulali.

Watafiti wa bahari Walter Munk na Frank Snodgrass walipima mawimbi hivyo kwenye kisiwa cha Guadalupe, Meksiko, na mwaka 1957 wakaeleza kuwa chimbuko lake ni Bahari ya Hindi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mombasa, sekunde 16 si kazi ya upepo wa hapo kwenu. Wimbi hilo ni mgeni wa mbali.