Unaishi mlimani Mwanza? Mambo ya kuangalia kabla mvua haijakolea

Ukiwa Mkuyuni, inua macho utaziona: nyumba zimepanda mlima mpaka juu, nyingine zimeegemea mawe makubwa kuliko nyumba zenyewe. Kwa wengi, huko ndiko kwenye kodi wanayoimudu. Shida inakuja mvua ikipiga usiku kucha.

Tusisahau Hanang. Alfajiri ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Serikali ilieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi ikameguka.

Milima ya Mwanza ni mifupi na mawe yake ni magumu. Lakini maji hufanya kazi ileile.

Jiwe limekaa miaka yote, kwa nini lidondoke leo?

Mawe haya ni mabaki ya mwamba wa graniti uliopasuka na kuliwa na maji na jua kwa miaka mingi mno. Sehemu laini iligeuka udongo, ngumu ikabaki jiwe la mviringo. Kwa hiyo mengi yameshikiliwa na udongo au yamebanwa na jiwe jingine.

Ukichimba chini yake kupata kiwanja, ukilipasua kwa moto upate kokoto, au ukiacha maji yapite hapo kila mvua, unaondoa kigingi. Miti ikikatwa, mizizi iliyoshika udongo nayo inaoza.

Dalili za hatari

- Nyufa mpya ardhini au ukutani, hasa zinazozidi kupanuka.
- Mlango au dirisha lililokuwa linafunga vizuri limeanza kukwama.
- Mti, nguzo au uzio umeanza kuinama.
- Udongo chini ya jiwe umeliwa, unaona uwazi ambao haukuwepo.
- Maji yanatoka sehemu mpya, au yamegeuka tope ghafla.

Ukiona moja, piga picha leo, piga tena baada ya siku chache, linganisha. Kisha mpelekee mwenyekiti wa mtaa picha hizo. Usijaribu kulisukuma jiwe mwenyewe: chini yako kuna majirani.

Kabla ya mvua

Mvua za Mwanza hukolea kati ya Oktoba na Desemba, halafu Machi hadi Mei. Fuatilia tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Zibua mitaro ili maji yapite pembeni ya nyumba na mawe. Weka vitambulisho, dawa na tochi kwenye mfuko mmoja. Kubalianeni na familia mtakimbilia kwa nani, usiku wa manane ikibidi.

Mvua ikipiga

Mvua kubwa ikiendelea kwa saa nyingi, wahamishe watoto na wazee kutoka chumba kinachotazama mlima. Una dalili hata moja kati ya hizo juu? Usingoje kukuche, nendeni kwa ndugu au jirani wa eneo salama.

Ukisikia mngurumo au mawe yakigongana, kimbia kwenda pembeni. Usishuke moja kwa moja wala kufuata korongo, maana mawe na tope hupita hukohuko.

Ikitokea, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Usirudi kuchukua godoro au TV. Maporomoko ya pili yanaweza kufuata.

Unatafuta chumba?

Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, zunguka nyuma ya nyumba. Angalia jiwe limekaa juu ya nini na maji ya mvua yanapita wapi. Waulize wapangaji waliopo, si dalali. Chumba kinaweza kuwa cha bei nafuu kwa sababu aliyekuwemo amelikimbia jiwe.