Msimu, Mwati na Malisho: Udhibiti wa Mimea Vamizi katika Ardhi za Umma za Ukanda wa Kidugala, Njombe

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kazi ya msimu ya kudhibiti mimea vamizi katika nyanda za malisho za ukanda wa Kidugala, kati ya Makambako na mji wa Njombe. Mmea unaochunguzwa kwa kina ni mwati (Acacia mearnsii), ambao uliingizwa nchini kama zao la biashara, na ambao ukiachwa bila uangalizi huvamia malisho. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa kuudhibiti hautokani na kukosekana kwa mbinu za kuung'oa. Unatokana na kutolingana kwa misimu miwili: msimu ambao mmea unang'oleka kwa urahisi, na msimu ambao watu wana nafasi ya kufanya kazi hiyo.

1.0 Utangulizi

Kidugala ipo katika Wilaya ya Wanging'ombe, Mkoa wa Njombe. Wengi huifahamu kwa kituo cha misheni ya Kilutheri kilichoanzishwa na wamisionari wa Berlin mwishoni mwa karne ya 19, na kwa shule zilizokua kutokana na kituo hicho. Kijiografia, eneo hili ni la mpito. Upande mmoja lipo eneo la Makambako, zinapokutana barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, barabara ya Songea na reli ya TAZARA. Upande mwingine ardhi hupanda kuelekea nyanda za juu zenye baridi za Njombe, ambako mji wenyewe umekaa katika mwinuko unaokaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari.

Uoto wa asili wa sehemu kubwa ya nyanda hizi ni majani mafupi yaliyochanganyika na miti iliyotawanyika, pamoja na mabonde yenye unyevu ambamo wakazi hulima bustani za kiangazi zijulikanazo kama vinyungu. Majani hayo yana kazi tatu kwa pamoja. Hulisha ng'ombe, mbuzi na kondoo wa kaya. Huupa udongo kinga dhidi ya mmomonyoko. Na husaidia maji ya mvua kuzama ardhini kabla ya kutoka tena katika vijito vinavyoelekea bonde la Usangu na Mto Ruaha Mkuu. Mmea unaochukua nafasi ya majani hayo, kwa hiyo, hauathiri mfugaji peke yake. Huathiri pia mwenye kinyungu na mtumiaji wa maji aliye mbali na milima.

2.0 Ardhi ya Umma na Suala la Wajibu

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inatamka kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, iliyo mikononi mwa Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ardhi hiyo imegawanywa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya vijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo inaigawa ardhi ya kijiji katika sehemu ya matumizi ya pamoja, sehemu inayomilikiwa na watu binafsi au familia, na sehemu iliyoachwa kwa ajili ya kugawiwa baadaye. Malisho ya kijiji kwa kawaida huangukia sehemu ya kwanza. Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 nayo inaweka msingi wa kuyatambua na kuyatunza.

Mgawanyo huu ni muhimu katika kuielewa kazi ya kudhibiti magugu kwa sababu mbegu hazitambui mipaka yake. Mwati uliopandwa kihalali katika shamba la kaya unaweza kudondosha mbegu katika kijito, na mbegu hizo zikachipua katika malisho ya pamoja au kando ya barabara. Mwenye shamba hana kosa, kwa kuwa amepanda zao linalokubalika. Halmashauri ya Kijiji ina mamlaka ya kusimamia ardhi ya pamoja kwa niaba ya wanakijiji, lakini aghalabu haina fungu la fedha kwa kazi ya namna hiyo. Matokeo yake ni kwamba gugu huota katika ardhi ya wote, na kazi ya kuling'oa huonekana kuwa si ya yeyote.

3.0 Mwati: Kutoka Zao hadi Gugu

Asili ya mwati ni kusini mashariki mwa Australia. Huko Njombe, kilimo chake kilipata nguvu baada ya kuanzishwa kwa Kampuni ya Mwati ya Tanganyika (TANWAT) mwaka 1949, chini ya Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza. Lengo lilikuwa kupata gome, ambalo hutoa tanini inayotumika kutengeneza ngozi. Kadiri miaka ilivyopita, mmea ulizoeleka katika mashamba ya wakulima wadogo. Miti yake hutoa kuni, nguzo na mkaa, na mizizi yake huongeza naitrojeni katika udongo. Wakulima wengi wa Njombe huvuna miwati, huchoma mkaa, kisha hulima mahindi mahali palepale.

Kwa hiyo, kuuita mwati gugu bila kueleza zaidi ni kukosea. Mti uleule ni akiba ya ada ya shule katika shamba la familia, na ni mvamizi katika malisho ya kijiji. Neno "vamizi" halielezi mmea wenyewe. Linaeleza uhusiano wa mmea na mahali ulipoota.

Sifa tatu huufanya mwati kuwa mgumu kudhibiti. Kwanza, hutoa mbegu nyingi zenye ganda gumu, ambazo zinaweza kukaa ardhini kwa miongo kadhaa zikiwa hai. Pili, joto la moto hulipasua ganda hilo na kuziamsha mbegu kwa wingi. Eneo lililofyekwa na kuchomwa linaweza kuota miche iliyosongamana kuliko miti iliyokuwepo awali. Tatu, mti uliokatwa bila matibabu ya kisiki unaweza kuchipua tena. Miti ikishafunga kivuli, majani ya malisho hufifia, na ardhi iliyo chini yake hubaki wazi kwa mmomonyoko.

Mwati hauko peke yake. Kangaga aina ya Pteridium aquilinum huenea katika malisho yanayochomwa mara kwa mara, kwa kuwa mashina yake ya chini ya ardhi husalimika moto unapopita. Kangaga hilo ni sumu kwa ng'ombe. Hata hivyo, si mmea mgeni, na kuenea kwake ni dalili ya malisho yaliyochoka zaidi kuliko uvamizi kutoka nje. Tofauti hii ina maana kiutendaji: mmea mgeni huondolewa, ilhali kangaga hupunguzwa kwa kurekebisha namna malisho yanavyotumiwa.

Upo pia mmea unaohitaji tahadhari hata kabla haujaonekana. Gugu karoti (Parthenium hysterophorus) liliripotiwa Arusha mwaka 2010. Linaweza kutoa maua wiki chache baada ya kuota, mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, na mguso wake husababisha muwasho wa ngozi kwa baadhi ya watu. Mifugo huliepuka, na inayolila huweza kutoa maziwa machungu. Mbegu zake husafiri na magari, mifugo, nyasi kavu na mchanga wa ujenzi. Kwa eneo lililo jirani na njia panda kama Makambako, kukagua kando za barabara na maeneo ya minada ni kazi nyepesi kuliko kulisubiri gugu lifike malishoni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

4.0 Kalenda ya Kazi

Njombe ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza takribani Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Hufuatiwa na miezi ya baridi kavu, hasa Juni hadi Agosti, kisha kiangazi chenye upepo mwezi Septemba na Oktoba. Kila kipindi kina kazi yake.

Katika mvua, udongo ni laini. Miche ya mwati iliyo chini ya urefu wa goti hung'oka kwa mkono pamoja na mzizi wake. Kazi hii haihitaji kemikali wala gharama kubwa ya zana. Inahitaji watu wengi, siku chache, na kurudi tena kila mwaka.

Katika miezi ya baridi, kazi hugeukia miti mikubwa. Shoka, msumeno na panga hutumika. Njia mbili hufanya kazi vizuri. Ya kwanza ni kukata mti karibu na ardhi na kupaka kisiki kiuagugu mara baada ya kukata, kwa brashi badala ya kunyunyizia eneo zima. Ya pili ni kuvua gome kuuzunguka mti hadi chini kabisa, ukaachwa ukauke ukiwa umesimama. Njia ya pili ni ya polepole, lakini inafaa kandokando ya vijito na vinyungu, ambako kiuagugu hakistahili kutumika. Mpakaji wa kiuagugu anapaswa kuwa na glavu, mabuti na maji safi ya kunawa, na chombo kilichobeba kiuagugu hakipaswi kurudi nyumbani kuhifadhia maji au mafuta.

Kabla ya Septemba, matawi yaliyokatwa yanapaswa kuondolewa au kupangwa katika mistari, na barabara za kuzuia moto kusafishwa. Matawi makavu yaliyoachwa ovyo huufanya moto wa kiangazi kuwa mkali, na moto mkali ndio huamsha mbegu zilizolala. Kazi iliyofanyika nusu, kwa maana hiyo, inaweza kuliacha eneo katika hali mbaya kuliko lilivyokuwa kabla ya kuguswa.

5.0 Nguvu Kazi ya Msimu

Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. Miezi inayofaa kung'oa miche ndiyo miezi ya kupanda na kupalilia mahindi, maharage na viazi. Kaya haiwezi kuacha shamba lake liingiwe na magugu ili ikaondoe magugu katika ardhi ya wote. Vibarua nao hupata ujira wao mkubwa mashambani wakati huohuo.

Kinyume chake, nguvu kazi hupatikana kiangazi. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaosimamiwa na TASAF, kaya zinazostahiki zimekuwa zikipewa ajira za muda zisizozidi siku 60 kwa mwaka, na kwa kawaida kazi hizo hupangwa ili zisigongane na shughuli za kilimo. Utaratibu huo ni wa haki kwa kaya. Lakini mpango wa kudhibiti mwati ukiutegemea peke yake, utakata miti mikubwa katika ukavu na kukosa watu wa kung'oa miche pindi mvua zinaponyesha. Miti mikubwa iliyoanguka huonekana, hupigwa picha na huhesabiwa katika taarifa. Miche inayochipua baada ya miezi mitano haionekani na yeyote isipokuwa mchungaji.

Utatuzi usiohitaji fedha nyingi ni kuigawa kazi ya mvua katika vipande vidogo. Badala ya kambi ya wiki mbili, kijiji kinaweza kutenga asubuhi moja kila baada ya wiki mbili kati ya Desemba na Machi, kila kitongoji kikipewa eneo lake la kurudia. Utaratibu wa namna hiyo unaweza kuwekwa katika sheria ndogo zinazopitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na eneo lenyewe kuoneshwa katika mpango wa matumizi ya ardhi unaoandaliwa chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2007.

6.0 Uzoefu wa Afrika Kusini

Nchi iliyokabiliana na mwati kwa muda mrefu ni Afrika Kusini. Mwaka 1995 serikali yake ilianzisha programu ya kuondoa mimea vamizi kwa lengo la kuokoa maji na kuwapa ajira watu maskini. Mafunzo mawili yanaihusu Njombe moja kwa moja. La kwanza ni kwamba fedha zinazotumika kukata hupotea iwapo hazikutengwa fedha za ufuatiliaji wa miaka inayofuata. La pili linahusu udhibiti wa kibayolojia. Kwa kuwa mwati ni zao pia, wataalamu wa huko walichagua wadudu wanaoshambulia mbegu na maua tu, akiwemo fukusi Melanterius maculatus, na kuuacha mti uendelee kutoa gome na mbao. Mgongano kati ya mpandaji na mfugaji ulipunguzwa bila kumfukuza yeyote kati yao.

Hatua ya namna hiyo haiwezi kuchukuliwa na kijiji wala halmashauri. Kuingiza mdudu mgeni nchini kunahitaji uchunguzi na kibali cha kitaifa. Kilicho ndani ya uwezo wa kijiji ni kukubaliana na wapandaji kwamba miwati isipandwe kando ya vijito, na kwamba anayevuna shamba lililopakana na malisho awajibike kung'oa miche inayovuka mpaka wake katika mvua zinazofuata.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba mwati katika ukanda wa Kidugala ni mali na ni tatizo kwa wakati mmoja, na kwamba sheria zilizopo zinatosha kuonesha ardhi ni ya nani ijapokuwa hazimtaji atakayeshika jembe. Aidha, imebainika kwamba mbinu za kuuondoa zinajulikana na nyingi ni za bei nafuu. Kinachoamua matokeo ni kurudi. Eneo lililofyekwa mara moja na kuachwa hurudishia kijiji kichaka kilichosongamana zaidi. Eneo lililorudiwa kila mvua kwa miaka kadhaa hurudishia malisho. Kwa sababu mbegu hungoja ardhini kwa miongo, kipimo sahihi cha kazi hii si idadi ya miti iliyokatwa katika msimu mmoja, bali ni idadi ya miche iliyopatikana katika eneo lilelile mwaka uliofuata, na kama idadi hiyo inapungua.