Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Ubia wa Utafiti Kutoka Aktiki hadi Kibera

Utangulizi

Mtafiti anapobisha hodi Kibera, au kule Kawangware na Kabiro upande wa Dagoretti, aghalabu hupokewa kwa ukarimu. Huketishwa, huuliza, hujibiwa, hushukuru, kisha huenda zake. Wenyeji hubaki na swali moja: majibu yetu yalikwenda wapi? Makala haya yanakusudia kueleza maana ya ubia kati ya mashirika ya utafiti, taasisi za elimu na jamii zinazotafitiwa. Tutaanza kwa kuifafanua dhana yenyewe, tutazame jinsi jamii asilia za Aktiki zilivyoipigania, kisha turejee Kibera. Hoja yetu ni kwamba ubia hutimia pale tu mwenyeji anaposhiriki kuliuliza swali, anapolimiliki jibu, na anapoweza kulisoma jibu hilo kwa lugha anayoielewa.

Dhana ya Ubia

Mbia ni mtu anayeshirikiana na mwenzake katika biashara. Wabia huchanga mtaji na kugawana faida, na hasara ikitokea huwapata wote. Kwa hiyo ubia si sawa na ufadhili. Mfadhili hutoa apendapo na huacha apendapo. Aliyefadhiliwa hana la kufanya ila kushukuru. Katika utafiti, mtaji wa mgeni ni fedha, vifaa na mbinu za kitaaluma. Mtaji wa mwenyeji ni muda wake, maarifa yake na siri za nyumba yake. Tatizo ni kwamba mtaji wa kwanza huandikwa katika vitabu vya hesabu, ilhali wa pili aghalabu hauandikwi popote.

Funzo la Aktiki

Antaktika, iliyo katika ncha ya kusini ya dunia, haina wakazi asilia. Aktiki, iliyo kaskazini, ni makao ya Wainuiti, Wasami na jamii nyinginezo. Kwa muda mrefu watafiti walikwenda huko kuchunguza barafu, wanyama na hata watu, mara nyingi bila ya kuwashauri wenyeji. Jamii hizo zilijibu kwa kujiunga pamoja. Wainuiti waliunda baraza lao la kimataifa mwaka 1977. Baraza la Aktiki lilipoasisiwa jijini Ottawa mwaka 1996, mataifa manane wanachama yaliyatambua mashirika ya jamii asilia kuwa washiriki wa kudumu, na baadaye idadi ya mashirika hayo ilifika sita. Mwaka 2001 ulianzishwa mtandao wa vyuo uitwao Chuo Kikuu cha Aktiki. Aidha, mwaka 2018, shirika la kitaifa la Wainuiti wa Kanada, Inuit Tapiriit Kanatami, lilitoa mkakati wa utafiti. Mkakati huo ulidai kwamba Wainuiti washiriki katika kuusimamia utafiti, kwamba fedha zifuate mahitaji yao, na kwamba wawe na mamlaka juu ya data inayokusanywa kwao.

Kibera haina barafu. Hata hivyo, madai hayo yana mwangwi wake humo.

Nani Anauliza?

Ikumbukwe kwamba Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi, wenye asili ya Sudan, waliolitumikia jeshi la kikoloni la Uingereza. Jina lenyewe linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitenga ardhi hiyo ya ekari zaidi ya 4,000 iwe ya jeshi, na vizazi vya Wanubi vikaishi humo bila ya hati. Wanubi hawakuwa watu wa kwanza kuikanyaga nchi hiyo, hivyo neno 'asilia' haliwakai bila ya mjadala. Lakini wengi wao hawana kwao kwingine.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Swali lililowakera Wanubi halikutungwa chuoni: kwa nini mtoto aliyezaliwa Kenya, wa wazazi waliozaliwa Kenya, atiliwe shaka anapotafuta kitambulisho? Mashirika mawili ya kisheria, Taasisi ya Haki za Binadamu na Maendeleo Barani Afrika na Open Society Justice Initiative, yalilichukua swali hilo mwaka 2009 na kulifikisha mbele ya kamati ya Afrika inayoshughulikia haki za mtoto. Mnamo Machi 2011 kamati hiyo iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto hao. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ilitoa uamuzi uliowapa haki Wanubi. Mwezi Juni 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288 za Kibera. Ni sehemu ndogo ya ardhi ya awali, lakini inaonyesha uwezo wa ubia ambamo mwenye tatizo ndiye mwenye swali.

Nani Anamiliki Jibu?

Hadi mwaka 2009, Kibera ilikuwa karibu doa tupu katika ramani za intaneti. Mwaka huo ulianza mradi wa Map Kibera. Wageni walileta ujuzi. Vijana wa Kibera wenyewe walizunguka vichochoroni na vifaa vya kupimia, wakaonyesha penye maji, vyoo, shule na zahanati. Matokeo yaliwekwa katika OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuisahihisha. Faida ya maarifa ya namna hii ni dhahiri. Watu wengi walizoea kunukuu kwamba Kibera ina wakazi milioni moja au zaidi, ilhali sensa ya 2009 ilihesabu takriban 170,000. Mahali pasipohesabiwa na wenyewe hukadiriwa na wengine.

Kwa Lugha Gani?

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika. Mwaka 1982 mwanaisimu Bernd Heine alichapisha nchini Ujerumani kitabu kuhusu Kinubi cha Kibera, krioli yenye msingi wa Kiarabu. Ni kazi yenye thamani kubwa, lakini imeandikwa kwa Kiingereza. Mnubi asiyekijua Kiingereza hawezi kuyasoma yaliyoandikwa kuhusu lugha yake mwenyewe. Hali ni hiyohiyo kwa tasnifu nyingi kuhusu maji, afya na makazi ya mitaa yetu.

Tatizo huanza hata kabla ya matokeo. Fomu anayotiwa saini mwenyeji huitwa mara 'idhini', mara 'ridhaa', kana kwamba maneno hayo ni mamoja. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka: chifu, chuo au tume ya serikali. Ridhaa hutoka moyoni mwa mtu aliyeelewa na kukubali. Mtafiti mwenye idhini bila ya ridhaa ameingia nyumbani kwa ruhusa ya jirani.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi; kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari. Haki hizo mbili zikutanishwe. Tunapendekeza kila tasnifu inayotokana na mitaa kama Kibera na Kawangware iambatanishwe na muhtasari wa Kiswahili sanifu wa kurasa mbili, urudishwe kwa waliohojiwa na usomwe mbele yao. Kazi ya kuutafsiri ni yetu, na haisubiri mfadhili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akiondoka na dawa mkobani, mwenyeji ataponaje?