Mabwawa Yetu (4): Kidunda na Matuta ya Uluguru

Kidatu, Mtera na vyura wa Kihansi tumeshawamaliza katika sehemu zilizopita. Leo nashukia Ngerengere, kwa kuwa Bwawa la Kidunda la huko limerudi magazetini: lita bilioni 190 za maji ya Mto Ruvu kwa ajili ya Dar es Salaam na Pwani, pamoja na megawati 20 za umeme. Kila mtu anauliza litakamilika lini. Mimi nauliza litadumu miaka mingapi, na jibu liko milimani.

Ruvu huzaliwa katika Milima ya Uluguru. Masika yakikuta mteremko uliofyekwa na kuchomwa moto, maji hushuka mekundu, na tope likifika bwawani hutuama na kula nafasi ya maji. Bwawa la Mindu, linalonywesha mji wa Morogoro kwa maji ya Mto Ngerengere, limeyaonja hayo.

Serikali ya kikoloni nayo ililiona tope hilo. Ikaleta mpango wa matumizi ya ardhi na kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Lakini upande wa Matombo udongo wenye rutuba ni mwembamba. Ukichimba tuta pana unauzika, na udongo usiootesha kitu unabaki juu. Watu walitoka jasho, mavuno yakapungua. Julai 1955 wakakusanyika Matombo kukataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa.

Upande wa Mgeta matuta yalikubalika, maana mboga za kumwagilia ziliwalipa. Tena wakulima wa huko walikuwa na ngazi zao za zamani: magugu yanalazwa kukingama mteremko, udongo unavutwa juu yake kwa jembe, yanaoza na kurutubisha shamba papo hapo. Mluguru hakuwa adui wa udongo wake. Alikataa kufanyishwa kazi isiyomlisha.

Miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yalileta njia ya haki: mtumiaji wa maji bondeni amlipe anayetunza mlima. DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam la wakati ule, ilichangia, na wakulima wa Kibungo Juu, huko Uluguru, wakalipwa kwa kuchimba matuta ya fanya juu na kupanda miti. Mpango wa namna hiyo haufai kutegemea wafadhili. Ankara ya maji ya Dar es Salaam ibebe tozo ndogo ya mlima, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu iifikishe vijijini. Anayefungua bomba Kinondoni ana deni kwa mwenye jembe Kibungo.

Faida za mabwawa sizikatai. Treni ya umeme inayopita Ngerengere tangu 2024 inatumia gridi ambayo sasa Bwawa la Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, ndilo nguzo yake. Samaki wa Ruvu, na wakulima wa mpunga wanaotegemea mafuriko chini ya Kidunda, nitawafikia katika sehemu ya tano.