Je, Wajua? Mstari wa Kuanzia Mbio, Kutoka Kilosa Hadi Mikumi

Je, wajua kwamba Tanzania ina mbio zinazopita wilaya kwa wilaya, Kilosa ikiwamo, na hazina mshindi? Ni Mbio za Mwenge wa Uhuru. Mwanajeshi Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge hadi kilele cha Kilimanjaro usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, na tangu 1964 umekuwa ukikimbizwa nchi nzima. Siku hizi safari yake kubwa ni ya magari, lakini umati unaojipanga kandoni mwa barabara kuusubiri haujapungua shauku.

Mbio nyingine zisizo na mshindi ni mchakamchaka. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua: alfajiri, kiongozi mbele, wengine nyuma kwa mistari, wimbo mmoja, mguu mmoja. Wanafunzi mia mbili huondoka kwa pamoja bila kukanyagana kwa sababu kila mmoja anakwenda kwa kasi ya mwenzake. Tatizo huanza pale watu haohao wanapovalishwa namba kifuani na kuambiwa atakayefika kwanza atapewa zawadi.

Je, wajua kwamba umati uliobanana kwenye mstari wa kuanzia hujongea kama maji? Mwaka 2019 wanafizikia wawili wa Lyon, Ufaransa, Nicolas Bain na Denis Bartolo, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao wa maelfu ya wakimbiaji wa marathoni ya Chicago. Hawakushughulika na mbio zenyewe. Walichunguza zile dakika za mwanzo ambapo wasimamizi hujipanga mbele ya umati na kuuongoza taratibu kuelekea mstarini: wanatembea, wanasimama, wanatembea tena. Kila waliposimama au kuondoka, badiliko hilo lilirudi nyuma kupitia watu, safu baada ya safu, kwa kasi inayozidi kidogo mita moja kwa sekunde, tena bila kufifia. Walipotazama mbio za Paris na za Atlanta, wimbi lilikuwa na tabia ileile. Kujigeuza kushoto au kulia, kinyume chake, hakukuenea. Kulizimika baada ya sekunde chache tu.

Hilo la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Maana yake ni kwamba aliye nyuma atajua upesi kwamba mbele wameondoka, lakini hatajua kwamba kuna mtu anayesukumwa pembeni na kuhitaji nafasi. Habari ya kusonga mbele inafika, ya kupisha haifiki. Kwa hiyo msimamizi wa mbio anapaswa kuweka watu wake ubavuni mwa umati, si mbele peke yake, na watoto wasiachwe wachomeke katikati ya watu wazima.

Tufanye hesabu ya hapa kwetu. Chukua lami ya upana wa mita 7, na ujaze wakimbiaji 1,000, wanane kwa kila safu, kila safu ikichukua mita moja. Foleni itakuwa na urefu wa mita 125. Kwa kasi ya wimbi lile, mtu wa mwisho atasubiri karibu dakika mbili kabla ya kuinua mguu, na bado ana mita 125 za kutembea ndipo akanyage mstari wa kuanzia. Wa mbele atakuwa tayari amekata kilomita nzima iwapo ni mwanariadha wa kweli.

Ndiyo sababu ikabuniwa chipu, kidude kinachofungwa kwenye kiatu au kubandikwa nyuma ya namba, kinachoanza kuhesabu pale mwenyewe anapovuka mstari. Ilianza kutumika katika marathoni kubwa miaka ya 1990. Kwa mkimbiaji wa kawaida ni haki tupu. Kwa wanaowania ubingwa, hata hivyo, bado ni mlio wa bastola unaoamua, na aliyejipanga nyuma ndiye amejipunja.

Je, wajua sekunde hizo zina thamani gani kwa Watanzania? Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, alishika nafasi ya pili katika marathoni ya Boston mwaka 1988 kwa kuachwa na Mkenya Ibrahim Hussein sekunde moja. Akawa wa pili tena 1989 na 1990. Katikati ya hapo, Novemba 1989, akashinda marathoni ya New York kwa saa 2:08:01. Tarehe 15 Septemba 2025, katika marathoni mjini Tokyo, deni la sekunde lililipwa: Mtanzania Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule wa saa 2:09:48, ikabidi picha iangaliwe, na Simbu akapewa ushindi kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Asubuhi hiyohiyo wakimbiaji wote walikuwa wamerudishwa mstarini, kwa sababu mmoja wao alichomoka kabla ya mlio, jambo ambalo katika marathoni halionekani mara nyingi.

Msukumano nao hauishii mstarini. John Stephen Akhwari wa Mbulu, katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, alianguka katikati ya safari wakimbiaji walipokuwa wakigombea nafasi. Goti likateguka, bega likaumia. Aliingia uwanjani kukiwa kumeshakuwa na giza, bandeji mguuni, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Walioanza walikuwa 75. Waliomaliza ni 57, naye akiwa wa 57. Wengi husimulia ujasiri wake, nami ninauheshimu kwa moyo wote. Ila nadhani tunasahau kusimulia chanzo cha jeraha lile.

Tukirudi kwetu, wanaogombea nafasi njiani si watu tu: Mikumi ina wageni wengine barabarani. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inaikata kwa takriban kilomita 50. Twiga, nyati na tembo huivuka, na magari yamewekewa ukomo wa mwendo. Je, inawezekana kukimbia kwa miguu mahali pa namna hiyo? Jirani zetu wa Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya, wamefanya hivyo tangu mwaka 2000. Mbio zao hufanyika Juni, mvua za masika zikishapita, ndani ya hifadhi yenye faru na tembo. Askari wenye silaha hupangwa njia nzima, na ndege huzunguka juu kuangalia wanyama walipo. Lakini Lewa wanakimbia kwenye vumbi la njia za hifadhi. Mikumi ingelazimika pia kusimamisha malori ya Zambia, Malawi na Kongo, na gharama ya hilo si ndogo.

Basi tuseme mtu anataka marathoni inayofuata barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, ambayo ni zaidi ya kilomita 60, na anatamani rekodi ya dunia ivunjwe humo. Atakwama kwenye kanuni. Shirikisho la riadha la dunia linataka umbali wa moja kwa moja kati ya mahali pa kuanzia na pa kumalizia usizidi nusu ya urefu wa mbio, na mteremko usizidi mita moja kwa kila kilomita. Kanuni hiyo ndiyo iliyomnyima Mkenya Geoffrey Mutai rekodi mwaka 2011, alipokimbia Boston kwa saa 2:03:02, muda ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameufikia katika marathoni. Barabara ile inaelekea kusini moja kwa moja, kwa hiyo mwandaaji hana budi kuweka alama ya kugeukia njiani, karibu na kilomita ya 21, na kuwarudisha wakimbiaji walikotoka. Na njia yake ipimwe kwa baiskeli yenye kihesabio maalumu, ikiongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikapungua, hivyo marathoni yake ya kilomita 42.195 itakuwa imezidi kwa mita 42 hivi.