Chungu cha Mwenye Fedha Chache

Watu wengi hudhani ya kuwa chakula cha bei ndogo ni chakula kichache, au ni kile kile cha siku zote kilichoongezwa maji. Sivyo. Mama ajuaye kazi yake aweza kulisha watu sita wakashiba kwa fedha ambayo jirani yake hununulia mikate na soda, na watoto wake wakawa na nguvu kupita wale wa jirani. Lakini ukitaka kujua afanyavyo, usiende kumtazama jikoni saa ya kupika. Kazi iliyo kubwa huwa ameimaliza miezi mingi iliyopita.

Nchi ya Shinyanga ni tambarare, na sehemu zake nyingi zina udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa mvua hunata miguuni, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono. Mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Novemba hata Aprili au Mei. Miezi inayobaki ni jua. Kwa hiyo chakula kilichomo ghalani mwezi wa Juni hakina budi kufika mwaka unaofuata. Mavuno yakiisha kuingia, mahindi, mtama na viazi hujaa sokoni, na bei hushuka. Januari na Februari, mashamba yangali mabichi na ghala ni tupu, bei hupanda. Na huo ndio wakati ambao maskini hulazimika kununua.

Ninyi mliosoma hesabu mwaweza kupima hasara yake. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kilo ya mahindi ni shilingi 500 wakati wa mavuno na shilingi 1,000 wakati wa njaa. Nyumba ilayo kilo 2 kila siku itakula kilo 180 katika miezi mitatu. Aliyeweka mahindi hayo mwezi wa Julai alitoa shilingi 90,000. Anunuaye kidogo kidogo mwezi wa Februari atatoa 180,000, na atakula kile kile. Hakuna ujuzi wa kupika uwezao kumrudishia fedha hiyo iliyopotea.

Wasukuma walilijua jambo hili zamani, nao hawakutunza nafaka peke yake. Viazi vitamu vikiisha kuchimbwa havikai. Huoza au huharibiwa na wadudu. Basi huvigeuza kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuvimenya vikiwa vibichi, kuvikata vipande vyembamba, na kuvianika juani juu ya mwamba au kichanja mpaka vivunjikapo kwa sauti. Hivyo huitwa michembe. Njia ya pili ni kuvichemsha kwanza, kisha kuvimenya, kuvikata na kuvianika. Navyo huitwa matobolwa. Matobolwa ni matamu, na mchungaji aweza kuyatafuna njiani bila ya moto. Michembe hutaka kuchemshwa tena, na ikitiwa karanga zilizotwangwa huwa chakula ambacho wageni wengi huomba kuongezewa.

Kiazi kibichi kina maji kiasi cha sehemu saba katika kumi. Kwa hiyo mwenye kuanika kilo 100 asishangae kupata kilo 30 au zaidi kidogo. Hakuibiwa, kilichotoka ni maji, na nguvu ya chakula imebaki karibu yote. Tena mzigo huo ni mwepesi kubeba na rahisi kuweka.

Majani nayo huwekwa hivyo hivyo. Majani ya kunde huchumwa yakiwa machanga wakati wa mvua, ambapo hayana bei kabisa. Huchemshwa kidogo, huanikwa, na kuitwa nsansa. Katika kiangazi, mboga mbichi zinapokuwa ghali, nsansa hurudishwa majini, hupikwa pamoja na karanga, na nyumba hupata kitoweo. Ni afadhali kuyaanika kivulini penye upepo, kwa maana jua kali huharibu vitamini A, iletayo afya ya macho.

Sasa yafaa tuulize kushiba ni nini. Tumbo laweza kujaa huku mwili ungali na njaa. Ugali, viazi na muhogo hutia nguvu ya kutembea na kulima. Lakini nyama ya mwili, damu na mifupa hujengwa kwa chakula chenye protini. Katika gramu 100 za unga wa muhogo protini haizidi gramu 2 hivi. Katika unga wa mahindi ni gramu 8 au 9. Katika choroko, dengu na kunde ni zaidi ya 20, na katika karanga ni 25 hivi. Tena nafaka na mikunde husaidiana, kwa maana kile kilichopungua katika protini ya mahindi kimo katika choroko, na kilichopungua katika choroko kimo katika mahindi. Vikiliwa pamoja hufanya kazi inayokaribia ya nyama, na bei yake haikaribii hata kidogo ya nyama.

Hapa pana jambo la ajabu. Shinyanga hulima choroko na dengu kwa wingi. Dengu hupandwa mwisho wa mvua katika udongo ule mweusi, nazo hukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Wafanya biashara huzinunua, na nyingi huvuka bahari kwenda India, ambako watu hujua sana thamani yake. Kuuza si vibaya, maana shule na matibabu hutaka fedha. Walakini nyumba iuzayo magunia yote, kisha watoto wakala ugali na mlenda mtupu mpaka mavuno mengine, mimi naona imeuza kwa bei ndogo kuliko ilivyodhani. Gunia moja lililobaki ndani ni kitoweo cha miezi mingi.

Haya, na tupike. Kwa watu wazima wawili na watoto wanne, chukua choroko nusu kilo. Zichambue mawe, zioshe, na kuzitia katika maji yanayochemka, kisha ufunike. Choroko haziwi na ukaidi wa maharage. Kwa muda usiozidi saa moja huwa zimelainika. Wakati huo kaanga karanga vikombe viwili vidogo vya chai kwa moto wa polepole, pukuta maganda, na uzitwange. Zikoroge kwa maji baridi kwanza, ndipo umimine chunguni. Ukizitia kavu hufanya madonge. Tia chumvi, kitunguu na nyanya kama zipo, na konzi ya nsansa au majani mabichi ya mgagani. Tangu hapo usiondoke, bali koroga, maana karanga hushika chini upesi na kuungua. Baada ya dakika kumi, epua. Songa ugali wa unga kilo moja na robo, wa mtama au wa mahindi, au vyote viwili vimechanganywa.

Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yasitiwe chunguni kwa sababu ya kuona huruma ya kutupa. Kuvu fulani huacha sumu isiyoondoka kwa kupikwa, nayo huitwa sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliokula mahindi yenye sumu hiyo waliugua ini, na baadhi yao walikufa. Dawa yake ni kukausha vizuri kabla ya kuweka ghalani, na kuweka mahali pasipo unyevu.

Mtoto mdogo hahesabiwi kama mtu mzima aliyepunguzwa. Tumbo lake ni dogo, na ugali mkubwa wa jioni haumfai kwa siku nzima. Yeye apewe mara nyingi, kidogo kidogo, uji mzito uliotiwa karanga zilizotwangwa laini, au maziwa ikiwa ng'ombe wanakamwa.

Gharama nyingine husahauliwa na wengi, nayo ni kuni. Zamani sehemu kubwa za Shinyanga zilikatwa miti, kwanza ili kufukuza mbung'o, baadaye kwa ajili ya mashamba na mkaa, hata watu wakachoma samadi na mabua. Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, na watu wakahimizwa kurudisha ngitili, ambayo ni desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho ili majani na miti iote tena. Miti ilirudi katika sehemu nyingi. Hata hivyo kuni zina bei, ama ya fedha, ama ya miguu ya mwanamke aendaye kuzitafuta. Maharage yaliyolala majini usiku mmoja huiva upesi kuliko makavu. Chungu chenye kifuniko huchemka upesi kuliko kilicho wazi. Hayo hayagharimu kitu.

Ukitoka Shinyanga kwenda magharibi na kaskazini, utafika Geita, penye dhahabu na mvua zaidi. Huko, katika sehemu za wachimbaji wadogo kama Nyarugusu na Rwamagasa, wamo watu wengi wasio na shamba wala ghala. Mchimbaji hupata fedha leo, kesho hakosi kukosa. Yeye hununua unga kwa kikombe, mafuta kwa kipimo cha kijiko, na sukari iliyofungwa katika kijikaratasi. Kila kipimo kidogo kina faida ya muuzaji ndani yake, kwa hiyo asiye na kitu hulipa bei kubwa kuliko tajiri anunuaye gunia. Wengine hushirikiana watatu au wanne, hununua gunia moja siku dhahabu inapoonekana, na kupika chungu kimoja kwa zamu. Mpango huo ni mzuri, iwapo wanaaminiana.

Bahati ya Geita ni ziwa. Katika mialo kama Nkome huletwa dagaa, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ambao huvuliwa usiku kwa taa. Katika giza dagaa hufuata mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu hutawanyika, na wavuvi wengi hupumzika. Basi mnunuzi mwangalifu hutazama mbinguni kabla ya kwenda sokoni, akanunua kabla mwezi haujapevuka. Dagaa wakavu wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa, huimarisha mifupa ya mlaji. Konzi mbili hutosha kuipa sufuria ya mboga nguvu. Wale walioanikwa mchangani waoshwe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu. Walioanikwa juu ya vichanja ni safi zaidi.

Sufuria yenyewe nayo itazamwe. Wachimbaji hutumia zebaki kushika chembe za dhahabu, kisha huichoma ili iondoke. Moshi wake hauonekani vizuri, lakini ni sumu ya ubongo, na huwadhuru zaidi watoto na wajawazito. Chombo kilichochomewa zebaki kisirudi jikoni kamwe, hata kikioshwa namna gani, wala zebaki isichomwe katika meko ya nyumba.

Mwisho ni muhogo, ambao ndio chakula kikuu cha wengi huko, kwa kuwa huvumilia ukame na udongo uliochoka. Muhogo mchungu una sumu iitwayo sayanaidi. Wenyeji wa kanda ya ziwa huiondoa kwa kufanya udaga: muhogo humenywa, hurundikwa na kufunikwa kwa siku kadhaa mpaka uote ukungu na kulainika, ukungu hukwanguliwa, muhogo huvunjwavunjwa, huanikwa, ndipo husagwa. Kazi hiyo huchukua siku nyingi, na njaa haipendi kungoja. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime katika mkoa wa Mara walifupisha siku hizo. Baadhi yao, wengi wakiwa watoto na wanawake, walipooza miguu yote miwili kwa ghafula, nao hawakupona. Ugonjwa huo huitwa konzo. Jina hilo lilitoka Kongo, katika lugha ya Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa.

Waganga waliouchunguza waliona ya kuwa huwapata wale walao muhogo mchungu siku zote pasipo kitoweo chenye protini, maana mwili huhitaji protini ili kuivunja nguvu ile sumu. Hivyo konzi ya dagaa au bakuli la kunde si anasa kwa mlaji wa muhogo. Ni kinga ya miguu yake.

Na ikiwa unga umenunuliwa sokoni, wala hujui muhogo wake ulikaa siku ngapi, iko njia nyepesi. Tia unga katika beseni, uchanganye na maji mpaka ulowe wote, kisha uutandaze mwembamba juu ya mkeka au sinia, usizidi unene wa sentimita moja. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano, penye hewa, mbali na watoto. Sumu iliyobaki hugeuka hewa na kwenda zake. Unga huo usongwe ugali siku iyo hiyo, kwa sababu ukiisha kuloweshwa haukai.