Sola ya gari ipimwe kwa Julai ya Tetu

Mteja anayetaka kugeuza gari lake liwe nyumba ya safari huingia gereji akiuliza paneli ya wati ngapi itamtosha. Swali ni zuri, ila kwa Wamagana, hapa Tetu, limewahi mno. Sisi tumekaa kwenye miteremko ya milima ya Nyandarua (Aberdare), katikati ya majani chai na kahawa, na paa la gari linaloegeshwa huku hulowa mvua ya masika, likalowa tena ukungu wa gathano, majira yetu ya baridi, kisha vuli ikamalizia. Paneli iliyoharibika hubadilishwa asubuhi moja. Bati lililoliwa na kutu nyuma ya mbao za dari hugunduliwa likiwa tayari limetoboka.

Magari yenyewe tunayajua. Mengi ni HiAce zilizostaafu umatatu, na mengine ni ya watalii, yale yenye paa la kuinuka la kutazamia tembo. Haya ya watalii yana mtego wake: paa lilikatwa, likarudishwa kwa bawaba na mpira, na aliyelikata hakufikiria kwamba siku moja litabebeshwa kilo 20 za kioo na alumini. Kwenye gari la namna hiyo ningeweka paneli sehemu ya paa isiyoinuka, hata kama ni lazima niridhike na ndogo. Paneli nyembamba za kukunjika huvutia kwa wepesi wake, lakini zikigandishwa moja kwa moja kwenye bati hukosa hewa chini yake, hupata joto, na hazidumu kama za kioo.

Kuwasha taa kwa betri ya gari na jua si jambo geni pande hizi za Mlima Kenya. Mwaka 1984, katika Shule ya Sekondari ya Karamugi, kwenye iliyokuwa wilaya ya Meru, mhandisi Mmarekani Harold Burris alishirikiana na mwalimu Mark Hankins kuweka taa za sola madarasani, na walimu wa jirani walipoona wakazitaka majumbani mwao. Biashara ya sola vijijini Kenya ilikua kutokana na kazi za aina hiyo: paneli ndogo, betri ya gari, taa chache na redio. Sasa mfumo ule ule unarudi ndani ya gari lenyewe.

Tuanze basi na jua. Wamagana iko karibu nusu digrii tu kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita mchana huwa limeelekea kaskazini kwa nyuzi kama 24, na paneli iliyolala chali bado inapokea zaidi ya asilimia 90 ya miale ambayo ingepokea kama ingelikabili jua moja kwa moja. Kwa hiyo zile fremu za kuinua paneli upande, ambazo Wazungu wanaosafiri na magari yao huzipenda, zina maana kwao huko Norway. Hapa ni vyuma vya kukamatia upepo. Mwinamo mdogo unatosha, wa kuondoa maji na vumbi la marram visituame ukingoni mwa fremu.

Tatizo letu ni wingu. Ukivuka kwenda Naro Moru au Nanyuki, upande mkavu wa mlima, jua hulipa vizuri. Tetu ya Julai ni habari nyingine: wingu la chini hukaa tangu asubuhi, na siku nzima inaweza kupita bila kivuli cha mtu kuonekana ardhini. Wauzaji wengi hupiga hesabu ya saa tano za jua kamili kwa siku. Mimi kwa gari linalolala Wamagana, Ihururu au karibu na lango la Kiandongoro hupiga saa tatu. Mteja akinung'unika kwamba nampandishia gharama, namwambia arudi mwezi wa pili na wa saba, alinganishe mwenyewe.

Hesabu yenyewe si ngumu. Friji ndogo ya volti 12 hula wati 45 ikiwa inazunguka, na kwa baridi yetu huzunguka kama saa nane kwa siku: hapo ni wati-saa 360. Taa nne za LED za wati tano, saa nne kila usiku, ni 80. Simu na kompyuta ya mkononi, 120. Feni ya paa ya wati 20 kwa saa nne, 80. Pampu ya maji inakunywa 15 tu, kwa kuwa huwaka dakika chache. Jumla ni 655. Ongeza theluthi moja kwa hasara ya nyaya, kontrola, betri na vumbi, upate karibu 870. Gawanya kwa saa tatu: paneli ya wati 290, yaani nunua ya 300. Mtu aliyetumia saa tano angenunua ya 175, na gathano ingemkuta na friji iliyozimika.

Betri iwe na akiba ya siku mbili. Ya lithiamu-fosfeti ya Ah 100 ina wati-saa 1,280, na karibu zote zinatumika. Ya asidi inahitaji Ah 200 kutoa kiasi kama hicho, kwa sababu kuichota chini ya nusu mara kwa mara kunaiua. Lithiamu ina sharti moja ambalo wapanda milima hulisahau: haifai kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Kule juu Aberdare, zaidi ya mita 3,000, barafu nyembamba hupatikana kwenye nyasi alfajiri. Betri ikae ndani ya gari, isifungwe chini ya chasi. Na isiwe ile ile ya kuwashia injini. Yenye kazi mbili itakuacha ukisukuma gari kwenye ukungu.

Birika la umeme lisahau. Lina wati 1,500 au zaidi, na inverta ya kulibeba ni pesa ambayo ingenunua mitungi mingi ya gesi. Chai ichemkie kwenye meko.

Sasa nyaya, mahali ambapo pesa nyingi hupotea bila kuonekana. Wati 300 kwa volti 12 ni ampia 25. Ukizipitisha kwenye waya wa milimita 4 za mraba, mita sita kwenda na sita kurudi, unapoteza zaidi ya volti moja njiani, kama asilimia 11. Wati zile zile zikitoka kwenye paneli kwa volti 36 ni ampia nane tu, na hasara kwenye waya huo huo ni kama asilimia moja. Ndiyo maana napendekeza kontrola ya MPPT, inayopokea volti za juu na kuzishusha karibu na betri, badala ya ile ya bei rahisi inayozilazimisha paneli zifuate volti za betri.

Hapo hapo baridi yetu inaingia kwa mlango wa nyuma. Volti zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa kiwandani ikiwa na nyuzi 25. Kila nyuzi inayopungua, volti hupanda kwa karibu asilimia 0.3. Chukua paneli mbili za volti 36 zisizo na mzigo, uziunge mfululizo: unapata 72, na kontrola yenye kikomo cha 75 inaonekana kutosha. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 10, jua likipasua wingu ghafla, zile 72 zinakuwa zaidi ya 75, na kontrola inaweza kuungua siku hiyo hiyo. Fundi wa Mombasa hatakutana na shida hii. Yeye ana ya kwake: paneli yenye nyuzi 65 juani inayopoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake.

Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, juu ya waya chanya. Ikiwekwa upande wa pili wa gari, kipande chote cha katikati hakina ulinzi, na waya ukisuguliwa na chuma mpaka ukachubuka, hapo ndipo moto huanzia.

Kwenye paa, anza na upepo. Gari likienda kilomita 100 kwa saa katika barabara ya Kenol–Marua, upepo husukuma kwa nguvu ya kilo zipatazo 40 kila mita ya mraba. Paneli ya wati 300 ina kama mita za mraba 1.6, kwa hiyo ukingo wake wa mbele ukiinuka na kuukabili upepo, unashindana na kilo 60 na ushee, na basi likikupita kwa upande wa pili nguvu hupanda kwa kishindo. Skrubu za kujitoboza kwenye bati lisilofika milimita moja zitalegea kama misumari ya kibanda cha sokoni. Funga reli za alumini kwa bolti zinazopita hadi ndani, na chini yake weka kipande kipana cha chuma kigawe mzigo, tena juu ya mbavu za paa. Kama gari lina mfereji wa mvua pembeni, shikilia keria hapo na usitoboe chochote. Acha nafasi ya sentimita tatu hivi chini ya paneli ipite hewa.

Tundu likitobolewa, kingo zake zipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kabla ya gundi. Usitumie silikoni inayonuka siki, kwani asidi yake hula chuma na rangi haishiki juu yake. Tafuta poliurethani, ile inayobandikia vioo vya mbele vya magari. Fundi yeyote wa vioo mjini Nyeri anayo. Inakauka kwa unyevu wa hewa, lakini baridi huichelewesha, kwa hiyo gari lilale gerejini usiku mzima kabla ya kuguswa. Waya unapoingia ndani upinde ushuke kwanza, kisha upande, ili tone lidondokee nje. Halafu mwaga maji kwa mpira nusu saa huku mtu amekaa ndani na tochi, dari likiwa bado wazi.

Feni ya paa watu huiona kama anasa ya nchi za joto. Kwetu ni ya unyevu. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na pumzi za watu wawili usiku kucha huongeza. Bila tundu la juu, maji hayo hugeuka matone kwenye bati, kutu ikapata njia ya ndani. Feni usiiweke karibu na paneli, kwa kuwa kivuli chake kwenye seli chache tu hupunguza sana mazao. Na jiko la makaa lisiingie garini hata kama feni inazunguka. Moshi wake usioonekana huua watu waliolala.

Kwa upande wa sheria, kanuni za sola za mwaka 2012 ziliwagawa mafundi: T1 kwa mifumo midogo ya betri moja isiyozidi wati 100, T2 kwa ya betri kadhaa hadi wati 300 au yenye inverta, na T3 kwa mikubwa zaidi. Kwa mgao huo gari letu la mfano ni kazi ya T2. Leseni hutolewa na EPRA, mamlaka ya nishati. Kubadilisha bodi kutoka matatu hadi nyumba ya safari kunahitaji ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na marekebisho ya kumbukumbu za gari. Mwarifu pia wa bima kwa maandishi, pamoja na picha za paa na nakala ya leseni ya fundi, kabla ya safari ya kwanza.